Fyuzi mbili za chaja ya betri

Chaja iliyofika kwenye meza ya fundi mmoja wa Kabondo, Kisangani, ilikuwa ya aina ya zamani: transfoma nzito inayoshusha volti 220 hadi kama 14, kisha diodi nne za kunyoosha umeme. Kisangani, ambako umeme wa mto Tshopo huja na kukatika, betri ya gari ndiyo inayobeba usiku wa nyumba nyingi, na chaja hii haikuwa ikivuma hata kidogo.

Penye fyuzi palifungwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya. Uzi huo ulikuwa mzima, na hilo ndilo tatizo. Shaba nyembamba ya milimita 0.2 haiyeyuki mpaka ipite karibu ampea 7, ilhali chaja ya ampea 5 huvuta kutoka ukutani chini ya nusu ampea.

Mita ilionyesha koili ya volti 220 imekatika. Wengi wangeitupa hapo. Fundi alibandua utepe wa juu akakuta fyuzi ya joto, kidude kidogo kinachofichwa ndani ya koili, ndicho kilichokatika. Waya wa koili ulikuwa salama. Aliweka kingine cha nyuzijoto zilezile, akishika miguu yake kwa koleo wakati wa kulehemu, maana joto la chuma cha kulehemu hukiua kabla hakijaanza kazi.

Kisha ikaja hatua ninayoipenda kuliko zote: balbu ya wati 60, ile ya waya wa ndani, iliyofungwa mfululizo na chaja. Balbu hiyo hairuhusu zaidi ya robo ampea hivi, kwa hiyo hakuna kinachoungua unapotafuta. Diodi zikiwa zimetolewa, balbu ilififia: transfoma nzima. Ziliporudishwa, ikawaka kabisa. Diodi mbili zilikuwa zimeungana ndani.

Nani aliziua? Kwa maoni yangu, betri iliyofungwa kinyume. Betri ikigeuzwa, diodi humwagiwa mamia ya ampea zake, na fyuzi ya upande wa ukuta haioni lolote, kwa sababu umeme huo haukupita kwake. Chaja ilipochomekwa tena, diodi zilizoungana zikaizidishia transfoma mzigo, uzi wa shaba ukanyamaza, fyuzi ya joto ikajitoa mhanga.

Ndiyo maana fyuzi moja haitoshi. Upande wa volti 220 fundi aliweka ya miliampea 630, ya kuchelewa, kwani transfoma ikiwashwa huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo na fyuzi ya haraka ingekatika bure. Kati ya diodi na betri aliweka ya ampea 7.5, ya bapa, ile inayopatikana kwa wauza vipuri vya magari na pikipiki, pamoja na diodi mpya za ampea 25 ili fyuzi iwahi kukatika kabla yake.