Ufundi wa Kusikiliza

Nje kidogo ya mji wa Jodhpur, katika jimbo la Rajasthan nchini India, yapo makumbusho ya jangwa yanayojulikana hasa kwa mifagio. Hakuna panga za wafalme pale. Ipo mifagio ya nyasi na vijiti, mingine ya uani, mingine ya chumbani, na pamoja nayo habari za waifungao, za nyasi zinakoota na miiko ya kuitumia. Makumbusho hayo, Arna Jharna, yalibuniwa na Komal Kothari (1929–2004). Mtu aliyeona kwamba fagio nalo lina masimulizi yake anastahili kuitwa fundi, na ufundi wake ulikuwa kusikiliza.

Mwaka 1960, yeye na mwandishi Vijaydan Detha walianzisha taasisi ya Rupayan katika kijiji cha Borunda. Detha aliziandika ngano za wanakijiji kwa Kirajasthani. Kothari akawafuata waimbaji. Hakutosheka na wimbo wenyewe. Alitaka kujua unaimbwa nyumbani kwa nani, msimu gani, na mwimbaji anaondoka na nini. Wamanganiyar ni Waislamu wanaorithishana uimbaji, na wafadhili wao wengi ni Wahindu. Wao ndio wapigao kamaicha, chombo cha upinde chenye tumbo la mviringo lililowambwa ngozi ya mbuzi. Wimbo wao wa harusi unabeba ujirani wa vizazi vingi. Ndiyo maana Kothari aliigawa Rajasthan kwa nafaka, uwele, mtama na mahindi, akaiacha mipaka ya falme za zamani: chakula hufuata mvua na udongo, kazi hufuata chakula, na nyimbo hufuata kazi.

Wapo wanaomlaumu kwamba alipowafikisha waimbaji hao kwenye majukwaa ya Ulaya aliung'oa wimbo shinani mwake. Lawama hiyo ina uzito, maana jukwaani hakuna bibi harusi wala mfadhili. Lakini wafadhili walikwisha kupungua, na mwimbaji asiyepata riziki hawezi kumshawishi mwanawe ashike upinde. Wengine husema aliandika kidogo mno, na kweli kitabu kinachobeba fikra zake, cha mwaka 2003, ni mazungumzo yaliyoandikwa na Rustom Bharucha. Hata hivyo, mtu aliyeishi kwa kusikiliza wasemao hakukosea kuacha urithi wake katika mazungumzo.

Siku hizi simu inanasa wimbo kwa kugusa kioo, nasi tunadhani tumeuhifadhi. Tumehifadhi sauti tu. Jina la mwimbaji hatulijui, na aliyemfundisha hatukumuuliza. Kanda haizai mwimbaji. Kabla hujanasa wimbo wa mzee yeyote, keti kwanza, umuulize aliupata kwa nani.