Kigoda cha Mlangoni

Muhula wangu wa kwanza chuoni niliumaliza nikiwa nimeketi juu ya sanduku la bati. Chumba kilikuwa na kiti kimoja, nacho kilikuwa cha mwenzangu. Mimi sikununua. Sikununua kiti, ndoo, wala kikombe, kwa sababu nilijua naenda zangu. Nilikuwa nimeomba uhamisho.

Aliyepitia mambo haya hahitaji kuelezwa. Asiyejua, ni hivi: baada ya KCSE, unapangiwa chuo na kozi na KUCCPS, iliyochukua kazi hiyo kutoka kwa JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Usiporidhika, kuna dirisha la kuomba kuhama. Uwe na alama za kozi unayoitaka, na huko unakotaka kwenda kuwe na nafasi. Halafu ungoje. Mimi nilikuwa nimepangiwa ualimu katika chuo kimoja cha Bonde la Ufa. Nilichotaka ni kusomea sheria Nairobi.

Kila jioni mama alipiga simu kutoka Voi.

"Wamesemaje, mwanangu?"

"Bado, mama."

"Haya, tungoje."

Alisema *tungoje*, kana kwamba naye ameomba.

Katikati ya ngoja ngoja hiyo, mwalimu wetu wa fasihi akatugawia nakala ya hadithi ya ukurasa mmoja na nusu: "Before the Law" ya Franz Kafka. Ilichapishwa 1915, kisha ikaonekana tena ndani ya riwaya yake *The Trial*, iliyotoka 1925, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mtu wa mashambani anafika kwenye mlango wa Sheria. Mlango uko wazi, lakini kuna mlinzi, naye anasema hawezi kumruhusu aingie kwa sasa. Labda baadaye. Anampa kigoda aketi kando. Mtu anaketi miaka na miaka. Anatoa hongo ya kila alichobeba. Mlinzi anapokea, ili tu mtu yule asije akadhani kuna njia ambayo hakuijaribu. Anapokaribia kukata roho anaambiwa kwamba mlango ule ulikuwa wake yeye peke yake, na sasa unafungwa.

Mtu aliyeomba kusomea sheria akipewa hadithi hiyo, bana, anaweza kudhani anachezewa.

Darasani tuliisoma kama Wakenya. "Huyu si ni soja wa geti la ofisi ya chifu!" mmoja akasema, tukacheka. Hongo tuliitambua mara moja: kitu kidogo. Kwa hiyo mlinzi akawa serikali, mlango ukawa haki, na mtu wa mashambani akawa mwananchi mnyonge. Hata sasa siwezi kusema usomaji huo ni wa uongo. Ni mtamu, na una ushahidi ndani ya matini. Lakini unatuachia mtu mmoja akiwa safi mno, na mtu huyo ndiye sisi.

Kuna jambo tuliloliruka. Kwa kumkodolea mlinzi macho miaka yote hiyo, mtu yule anafika hali ya kuwajua hata viroboto walio kwenye kola ya koti lake, na anawaomba nao wamsaidie kumbembeleza. Wengi hucheka hapo na kupita. Mimi siku hizi nasimama hapo, maana ndipo Kafka anapotuonyesha kungoja kunamfanya mtu nini: anapata ujuzi wa hali ya juu kuhusu kitu kisicho na maana, na kila kingine kinafifia. Hatuambiwi chochote kuhusu kijiji alichokiacha. Kama alikuwa na mke, shamba, deni au rafiki, hatujui. Nilidhani mwandishi amebana maneno tu. Sasa naona kwamba hadithi inatazama kwa macho ya mtu wake, na macho hayo yameganda mlangoni.

Viroboto wangu nilikuwa nawajua. Nilijua ukurasa wa maombi hufunguka haraka saa kumi alfajiri, wakati wengi wamelala na mtandao hauna msongamano. Nilijua nafasi iliyopo kati ya jina langu na lile neno moja la kusema maombi bado yanashughulikiwa. Bando langu liliishia hapo. Lakini mwenzangu wa chumbani aliondoka Jumatano moja na kurudi Jumanne iliyofuata, nami nilichogundua ni kwamba meko yake ilikuwa imefungiwa kabatini, kwa hiyo sina pa kupikia. Wiki kadhaa baadaye nilisikia kwa watu wengine kwamba alikuwa ameenda kumzika nyanya yake, aliyemlea tangu utotoni. Tulilala mita mbili kutoka kwa kila mmoja.

Kwetu anayengoja barua ya shule amezoea kupewa hadithi ya namna nyingine, na ya Njoroge katika *Weep Not, Child* (1964) ya Ngũgĩ wa Thiong'o ndiyo tunayoijua zaidi. Njoroge anafaulu kuingia Siriana, na furaha si yake peke yake: watu wanachanga pesa aende, anakuwa mwana wa kijiji kizima. Ni lile *tungoje* la mama yangu. Hapo Ngũgĩ anaona kitu ambacho Kafka hakutaka kukionyesha, kwamba kwetu mtu haketi kigodani peke yake. Nyuma yake kuna foleni ya watu walioweka matumaini yao kwake, na wengine wameweka pesa.

Lakini Njoroge naye ni mtu wa kigoda. Kigoda chake kinaitwa kesho. Kila baya linapotokea, anaamini kesho na elimu vitalirekebisha, huku nyumba ya baba yake Ngotho ikibomoka. Anapotolewa Siriana na kuteswa, na kesho yake kufungwa, anataka kutoroka na Mwihaki waende Uganda. Mwihaki anakataa. Yeye ana wajibu hapa, leo. Wahakiki wengi wanamsoma Njoroge kama mhanga wa ukoloni, na ni kweli. Ila nadhani riwaya inamdai zaidi ya hapo, na dai hilo liko kwenye tendo lake la mwisho. Baada ya kujaribu kujiua, anarudi na mama zake wawili gizani, akijiona mwoga. Kisha anatangulia mbio na kuwafungulia mlango.

Nilisoma mwisho huo mara nyingi kabla ya kuuona mlango. Maisha yake yote Njoroge alisubiri kufunguliwa. Riwaya inamwacha akiwa yeye ndiye anayefungua, tena mlango wa nyumbani, kwa watu waliokuwepo siku zote.

Kuna atakayesema ninamlaumu anayengoja badala ya anayemngojesha. La. Mlinzi bado ana kesi ya kujibu. Mwombaji ana haki ya kujua tarehe ya jibu, na akikataliwa, sababu. Tuendelee kuwasoma walinzi kwa ukali. Ninachosema ni kwamba usomaji unaoishia kwa mlinzi unarudia kosa lenyewe la mtu wa mashambani: nao haumtazami mtu mwingine yeyote.

Jibu langu lilikuja muhula ukiwa karibu kuisha: nafasi zimejaa. Nilimpigia mama kabla yeye hajanipigia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.

Sikuwa nimekula. Mwenzangu alikuwa ameinama juu ya meko, anawasha. Nilikaa kwenye sanduku langu nikitafuta namna ya kuanza, na nilipoona hakuna namna nzuri nikamuuliza tu: nyanya yako alikuwa mtu wa aina gani? Alinitazama kwa muda, kama anayepima swali hili limechelewa kiasi gani. Kisha akanisukumia kisu na vitunguu viwili, akasema nikate kwanza, hadithi ni ndefu.