Ukubwa wa Mandhari Huria: Kipimo cha Kericho na Bomet katika Bunilizi za Kifantasia

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeyashughulikia mandhari kwa mapana: umeuliza yanaashiria nini, yanamjengaje mhusika, yanabeba itikadi gani. Swali la ukubwa wake, yaani nchi kiasi gani inatosha kisa, limeachwa liwe hiari ya mtunzi. Sababu haiko mbali. Katika riwaya mtunzi ndiye ashikaye njia. Akitaja milima saba na kuufikisha msafara kwenye mmoja tu, ile sita haimdai kitu.

Hali hubadilika katika mchezo wa kuigiza wahusika, utanzu uliochapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Humo msimulizi mmoja huandaa ulimwengu, na wachezaji, kila mmoja akisema kwa kinywa cha mhusika wake, huamua waende wapi na watende nini, dadu ikikata yale yenye shaka. Pale ambapo hakuna msuko uliopangwa mapema pana kile kinachoweza kuitwa mandhari huria. Msimulizi hajui kama kesho ataulizwa habari za mlima wa kwanza au wa saba. Ukubwa wa nchi hapo si pambo. Ndio utunzi wenyewe.

Mazoea ya utanzu huu ni kuchora nchi kubwa. Ramani ya Greyhawk, ulimwengu wa Gygax uliochapishwa mwaka 1980, imegawanywa kwa pembesita zenye upana wa maili 30, takriban kilomita 48. Kipimo hicho na kiwekwe juu ya nchi ya chai ya Kenya. Mji wa Kericho na mji wa Bomet, ambavyo kwa mstari mnyoofu havitengani kwa kilomita 50, vingeenea katika pembesita moja. Kaunti zote mbili, zenye jumla ya kilomita za mraba zikaribiazo 5,000, zingejaza pembesita mbili na nusu hivi. Humo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,777,466. Mna mito Itare na Kipsonoi, mna msitu wa Chepalungu, mna masoko ya Litein na Sotik, mna viwanda na makanisa na kesi za mipaka ya mashamba. Ramani ya aina ile ingeandika neno "vilima" na kupita.

Yamkini msomaji wa Kiswahili atajibu kwamba upana wa namna hiyo si mgeni kwetu. Katika Kusadikika (1951) Shaaban Robert anaielea hewani nchi nzima, kisha anawatuma wajumbe pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Ni mandhari makubwa kuliko karibu yote yaliyofuata. Hata hivyo kila nchi ya ugenini hufikiwa mara moja tu. Mjumbe huchuma hekima yake, hurudi, hutiwa gerezani. Mahali panaporudiwa siku baada ya siku ni baraza ambamo Karama anajitetea. Mandhari halisi ya Kusadikika, kwa maana ya mahali panapobadilishwa na yanayotendeka ndani yake, ni chumba kimoja, na Shaaban Robert alikijua hicho alipokifanya kiwe fremu ya simulizi zote. Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila nayo inampitisha shujaa wake mabarani bila kumdai arejee alikopita. Riwaya hustahimili jambo hilo. Mandhari huria hayalistahimili, kwa kuwa mchezaji asiyeona matokeo ya tendo lake la awali hana sababu ya kuchagua hili akaacha lile. Uhuru wake huwa wa jina tu.

Basi kipimo ni marejeo. Katika jambo hili shamba la chai lina mengi ya kumfunza mtunzi kuliko ramani ya Greyhawk. Kichaka cha chai huchumwa majani mawili na chipukizi, kisha huachwa, na mchumaji hukirudia baada ya siku 7 hadi 14. Akichelewa, majani hukomaa na thamani hushuka. Ndiyo kusema eneo linaloweza kuhudumiwa halitokani na ekari zilizopo, bali na idadi ya mikono pamoja na muda ambao kichaka cha kwanza kinaweza kusubiri. Mkulima mdogo wa Bomet hulijua hilo pasipo kulikokotoa: akipanda zaidi ya kile ambacho nyumba yake inaweza kuzungukia, sehemu ya shamba inageuka kichaka kweli. Kuna na kipimo cha pili. Jani lililochumwa haliwezi kulala. Ni lazima lifike kiwandani siku ile ile kabla halijaungua kapuni au kituoni, na kwa hiyo kila kiwanda kina duara lake, linaloamuliwa na barabara na matope yake.

Hoja hii ikihamishiwa mchezoni, msimulizi hataanza kwa kuuliza nchi yake ina maili ngapi. Atauliza kikundi chake kinakutana mara ngapi, kinafika mahali pangapi kwa kikao, na baada ya vikao vingapi mchezaji husahau jina la mwanamke aliyemdhulumu sokoni. Kikundi kinachokutana kila juma na kufika sehemu mbili kwa kikao kitamaliza sehemu kumi na mbili kwa vikao sita. Zikiwa arobaini, ile ya kwanza itakuwa imeota magugu kabla hawajarejea: deni limesahaulika, adui hana uso. Kumi na mbili zilizofungamana kwa deni, ndoa na njia ya maji ni nchi kubwa ya kutosha, hata kama mtu anaweza kuivuka yote kwa miguu kati ya alfajiri na magharibi.

Mtu anaweza kudai kwamba huu ni ubishi wa mafundi, usio na uzito nje ya mchezo. Dai hilo haliwezi kukubaliwa. Mandhari makubwa hudai yawe tupu, maana hakuna msimulizi awezaye kuyajaza. Na utupu huo hugeuka kuwa maana. Wahusika huingia katika nchi iliyoandikwa "pori", huua wanachokikuta, hutwaa mali, huendelea. Kericho iliwahi kusomwa hivyo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ekari 25,000 zilitengewa maofisa Waingereza walioumia vitani ili walime kitani. Mradi ulipoanguka, kampuni za chai zikafuata katika miaka ya 1920. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulitungiwa sheria ya kuuhamisha, ukapelekwa Gwassi. Pembesita isiyo na jina ina ukoo wake wa Talai, ila mchora ramani hakufika kuuliza.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba udogo huua ajabu, na fantasia bila ajabu ni hesabu ya nyumba. Hapa masimulizi ya Wakalenjin yanatoa jibu. Chemosit, kama A. C. Hollis alivyomwandika kutoka kwa Wanandi mwaka 1909, ni nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja, matako tisa na kinywa chekundu kinachong'aa usiku kama taa. Kutisha kwake kunatokana na ukaribu: taa hiyo huonekana kutoka nyumbani, na mtoto aweza kuifuata akidhani ni moto wa wenzake. Zimwi lililo umbali wa pembesita ishirini halimnyimi mtu usingizi. Tangu mwaka 1986, ukanda wa chai wa Nyayo ulipoanza kupandwa kandokando ya misitu ya serikali ili kuikinga, mpaka huo kati ya watu na kisichojulikana umepata umbo ambalo mtunzi angelibuni kwa shida: safu za vichaka vilivyokatwa sawasawa, vyenye kimo cha kiuno, na nyuma yake giza la Mau. Wachumaji huufikia mpaka huo kila mzunguko. Fantasia ya Kiswahili haijautumia ipasavyo, na hiyo ni hasara.

Liko jambo moja linalokivuruga kipimo hiki. Katika mashamba makubwa mashine za kuchuma zimechukua nafasi ya mikono mingi, na mwaka 2023 baadhi yake zilichomwa moto katika maandamano ya Kericho. Kwa mashine, watu wachache huzunguka eneo kubwa kwa siku zile zile. Msimulizi atakayeiweka hadithi yake katika Kericho ya leo atapata nchi pana zaidi kwa bei rahisi, lakini katika kila safu atakuwa na wasemaji wachache wa kumwambia mgeni nani alipita hapa juma lililopita, na alichukua nini.