Stelingi, Shujaa na Mleta Mvua: Ushabiki wa X-Men Ukisomwa kutoka Ugogo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ushabiki wa tamthilia za runinga zilizotokana na vitabu vya katuni vya Marekani, hususani X-Men (1992–1997) na X-Men '97 (2024), kwa kuutazama kutoka nyanda za kati za Tanzania. Hoja inayojengwa ni kwamba ushabiki huo una istilahi zake za uhakiki, lakini istilahi hizo, kama ilivyo nadharia ya shujaa wa utendi, zinamweleza kwa sehemu tu Storm, mhusika mwenye uwezo wa kuleta mvua. Sehemu inayobaki inaelezeka vyema zaidi kwa kurejelea namna Wagogo walivyoielewa mvua kuwa ni dhamana.

Stelingi kama istilahi

Mtazamaji wa Kitanzania anapoizungumzia filamu ya mapigano, ni nadra kumsikia akitaja "mhusika mkuu". Husema stelingi. Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza, lakini limekwishajipatia katika Kiswahili maana mahususi inayostahili kuingizwa katika kamusi za fasihi. Stelingi si tu mhusika anayeonekana zaidi. Ni yule ambaye masimulizi yamefungamana naye kiasi kwamba hatarajiwi kufa. Akifa, hadhira ina njia mbili za kulipokea jambo hilo: kusema kwamba muvi imeharibika, au kukata shauri kwamba yule hakuwa stelingi na kuanza kumtafuta mwingine. Njia ya pili inafikirisha zaidi, kwa kuwa inaonyesha kwamba stelingi ni uamilifu wala si mtu, kwa maana inayokaribiana sana na ile ya Propp alipochambua ngano za Kirusi mwaka 1928. Tofauti ni kwamba istilahi hii haikuzaliwa chuoni. Ilikulia katika vibanda umiza, ambavyo jina lake lenyewe linasimulia adha ya kukaa kwenye benchi kwa saa nyingi katika chumba kilichofurika watu.

Vibanda hivyo vilikuwa na fanani wake. Krings (2015) ameonyesha jinsi Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alivyoweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, akizungumza kwa niaba ya wahusika wote, akieleza mambo ambayo hadhira haikuyafahamu na kutoa maoni pale alipoona inafaa. Wengi waliomfuata waliita kazi hiyo kutafsiri, ingawa kinachofanyika ni kipana kuliko tafsiri. Mtafsiri huyo hufanya kazi ya mtambaji: hukatisha kisa, hukejeli, hutahadharisha, humpachika mhusika jina la utani. Hadhira iliyolelewa na sauti ya namna hiyo haiipokei tamthilia kama bidhaa iliyokwisha kukamilika Marekani.

Jambo hilo linaidhoofisha hoja ya wahakiki wanaouona ushabiki huu kuwa ni ukoloni mamboleo wa kitamaduni na kuishia hapo. Hoja hiyo ina uzito pale inapohusu umiliki na faida. Haitoshi inapohusu maana. X-Men '97 ilipoanza kuonyeshwa mwezi Machi 2024 kupitia Disney+, huduma hiyo haikuwa imefunguliwa rasmi nchini Tanzania. Katika mazingira kama hayo, tamthilia humfikia mtazamaji wa Dodoma kwa njia za kando: kurushiwa kwenye flashi dukani, kupitishiana kwa simu, kutazama kwenye kompyuta ya mwenzake bwenini. Anayeipata sizoni namna hiyo huipata pamoja na mabishano ya waliomtangulia kuitazama, na mara nyingi mabishano ndiyo yanayoanza.

Kufa kwa Liyongo

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapokutana na mhusika mwenye nguvu zipitazo za binadamu, humkimbilia Fumo Liyongo. Ni njia ya mkato yenye sababu. Katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, na ambao Mulokozi (1999) aliujumuisha katika Tenzi Tatu za Kale, Liyongo ana umbo na nguvu zisizo za kawaida, ana mfalme anayemhofia, na ana sehemu moja tu ya mwili inayoweza kumwangamiza: kitovu, kikichomwa kwa sindano ya shaba. Superman, aliyechapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, baadaye alipewa jiwe linalomdhoofisha, na tangu hapo kila shujaa wa katuni hutafutiwa udhaifu wake. Ulinganisho wa aina hii umezoeleka mno katika mada za wanafunzi wa uzamili, na mara nyingi huishia kwenye jedwali la sifa zinazofanana.

Kinachosahaulika ni kwamba Liyongo hufa, na kwamba lazima afe. Mwanawe mwenyewe, aliyehadaiwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme, ndiye anayemchoma. Kufa kwake si ajali ya masimulizi. Ndiko kunakomfanya kuwa shujaa wa utendi. Mwenye katuni, kwa upande wake, hawezi kumuua mhusika anayemwingizia fedha, na akimuua humfufua. Kwa hiyo kanuni ya stelingi na kanuni ya shujaa zinapingana kabisa. Anayewaita Liyongo na Superman kwa jina moja la "shujaa" amelifumbia macho jambo lile hasa ambalo mashabiki wa kibanda umiza walilibaini bila kufundishwa.

Kuna tukio jingine katika utenzi huo ambalo halijadiliwi vya kutosha. Liyongo, akiwa amechomwa, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta upinde wake, na anakata roho akiwa katika hali hiyo. Watu wa mji wanadhani yu hai na wanaogopa kuteka maji. Mji mzima unapata kiu kwa sababu ya maiti ya shujaa. Utenzi unatuonyesha, katika taswira moja tu, kwamba nguvu ya mtu mmoja ikisimama baina ya watu na maji yao huwa ni tatizo la umma, hata kama mwenye nguvu hiyo ni mpendwa wa watu.

Storm na kijiji kilichopotea

Storm, au Ororo Munroe, alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men namba 1. Mama yake ni mwana wa ukoo wa kitawala wa Kenya, baba yake ni Mmarekani mweusi. Anapomfikia Profesa Xavier kwenye ukurasa, yumo Afrika Mashariki, anaabudiwa kama mungu na wanavijiji wanaomwomba awaondolee ukame. Xavier anamwambia kwamba yeye si mungu, na anamchukua. Wanavijiji wanabaki. Hakuna anayeuliza ni nani atakayewaletea mvua msimu utakaofuata.

Swali hilo linarudi mara moja, tena kwa ubora usiotarajiwa, katika toleo la 198 la The Uncanny X-Men la mwaka 1985. Storm amekwisha kupoteza uwezo wake tangu mwaka uliotangulia. Anafika katika kijiji kilichopigwa na ukame, anamsaidia mwanamke aitwaye Shani kujifungua, na anakutana na mzee aitwaye Mjnari. Mzee huyo anachagua kufa baada ya mtoto kuzaliwa, kwa imani kwamba ardhi iliyochoka haiwezi kubeba uhai zaidi ya kiasi chake. Kisa hiki hakikosi kasoro: kichwa chake kinamrejelea Joseph Conrad, na jina Mjnari lina mfuatano wa konsonanti ambao fonolojia ya Kiswahili haiujui, ilhali Shani ni neno safi la Kiswahili. Hata hivyo, kwa mara moja mleta mvua asiye na mvua anasimama mbele ya watu wanaoihitaji, naye ndiye anayefundishwa.

Runinga ilikifanya nini kisa hicho? Katika tamthilia ya 1992–1997, kwenye sehemu iitwayo "Whatever It Takes", Mjnari si mzee tena. Ni mtoto wa Shani, ambaye Storm anamhesabu kuwa mwanawe wa kiroho, na ambaye amevamiwa na pepo aitwaye Shadow King. Mwenye hekima amegeuzwa mhitaji wa kuokolewa. Mabadiliko haya yanaweza kuonekana madogo, lakini ndiyo yanayompa Storm nafasi ya kuwa stelingi: ili aokoe, sharti awepo wa kuokolewa. X-Men '97 inakwenda mbali zaidi. Inachukua kichwa cha visa vile vya miaka ya 1980, "Lifedeath", inamnyang'anya Storm uwezo wake na kumrudishia, lakini kijiji cha Afrika hakimo kabisa. Anayapata tena mamlaka yake juu ya hewa akiwa pangoni, kwa kuishinda hofu yake ya kufungiwa mahali finyu. Mashabiki wengi wameipenda sehemu hiyo, na haiwezekani kukana kwamba imetengenezwa kwa ustadi. Ila mvua imekuwa suala la nafsi yake tu.

Mvua kama dhamana

Kutoka Dodoma, hapo ndipo penye mushkeli. Wastani wa mvua katika mji huo hauzidi sana milimita 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Njaa ya Mtunya ya 1917–1920, ambayo Maddox (1990) ameichunguza, ilitokana na ukame uliokutana na vita vilivyokuwa vimenyang'anya watu nafaka, ng'ombe na nguvu kazi. Katika nchi ya namna hiyo kumuuliza mtu kama ana uwezo wa kuleta mvua si swali la burudani.

Rigby, katika maandishi yake ya miaka ya 1960, anaeleza kwamba mtemi wa Kigogo alikuwa na mawe ya mvua na alihusika na rutuba ya eneo lake la kiibada. Uwezo huo haukukaa katika damu wala misuli yake. Ulikaa katika cheo, katika mawe yaliyorithiwa, na katika uhusiano wake na waganga na wakazi. Neno la Kigogo mbeho, lenye maana ya upepo au baridi, hutumika pia kutaja hali ya kiibada ya nchi na watu wake. Upepo ambao Storm anauita kwa kuinua mikono, Mgogo aliutaja kuwa ni hali ambayo jamii nzima imo ndani yake. Hali hiyo ilipoharibika, kwa mfano kwa maradhi ya mifugo, waliopewa kazi ya kuisafisha walikuwa wanawake: walivaa mavazi ya wanaume, wakachukua kazi za wanaume, wakacheza ngoma hadi mpaka wa magharibi na kuitupilia huko nuksi (Rigby, 1968). Hakuna mmoja wao aliyekuwa stelingi.

Kwa mizani hiyo, toleo la 1985 linakaribiana na fikra za nyanda za kati kuliko tamthilia zote mbili zilizotoka baadaye, na linakaribiana nazo kwa sababu Storm hana nguvu ndani yake. Huo si ushahidi kwamba waandishi wa Marekani waliwajua Wagogo. Ni ushahidi kwamba kisa kikimwondolea mwenye nguvu nguvu zake, hulazimika kuuliza watu wanaishije bila yeye.

Mabishano kama uhakiki

Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa karibu na Dodoma, aliandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika (1954), na ndiye pia aliyezieneza ngonjera, ushairi wa watu wanaojibizana mbele ya hadhira. Si sadfa isiyo na maana kwamba mtu mmoja alishughulika na yote mawili. Katika ngonjera zake mjinga hujibizana na mwerevu, na hatimaye hushawishika. Mabishano ya mashabiki hayana mwerevu aliyepangwa mapema. Anayedai Storm ni mkubwa kuliko Wolverine sharti atoe ushahidi kutoka katika sehemu aliyoitazama, aeleze kama nguvu hupimwa kwa uharibifu au kwa uvumilivu, na ajibu pale mwenzake anapouliza kama aliyepoteza uwezo bado ni stelingi. Swali hilo la mwisho ni la kinadharia, na kozi za fasihi zinalihitaji.

Taaluma ya Kiswahili imewahi kuchelewa katika jambo kama hili. Riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona (1974), zilisomwa kwa hamu kubwa na vijana huku wahakiki wengi wakiziweka kando kwa jina la fasihi pendwa. Leo Willy Gamba hutajwa katika tasnifu. Lakini vitabu vya Musiba vilisubiri kwenye rafu. Kanda za watafsiri wa filamu hazisubiri: VHS huota ukungu, diski huchubuka, flashi hufutwa ili kupisha sizoni mpya, na mabishano yanayoziandama hayaandikwi popote. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimezungukwa na mitaa ya wanafunzi kama Ng'ong'ona, mahali ambapo data hii inasikika kila jioni. Mtafiti atakayeikusanya asianze kwa kuuliza ni shujaa gani anapendwa. Aulize ni nani, katika kisa hicho, aliyeachwa kijijini bila mvua, na asikilize kama mashabiki walimwona.