Shingo ya Tina: Kumsoma Lawino Kwenye Jua la Msalato

Ukiuliza kama ngozi nyeusi inahitaji mafuta na krimu zake yenyewe, fasihi ya Afrika Mashariki ilishakujibu zamani. Ilijibu ndiyo, tena kwa sauti ya mke mwenye hasira. Namzungumzia Lawino wa Okot p'Bitek. Shairi lile refu lilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, na Waswahili tukalipata 1975 kama Wimbo wa Lawino, kwa tafsiri ya Paul Sozigwa. Wengi wetu tunalikumbuka kama tulivyofundishwa darasani: Lawino mila, Ocol usasa, andika insha. Mimi nimelisoma tena nikiwa Msalato, nje kidogo ya Dodoma mjini, mwezi wa Julai, wakati upepo unapausha kila kitu kuanzia majani hadi visigino. Safari hii nimeona kitu ambacho mwalimu hakukigusa. Ugomvi wa ndoa ile, kwa sehemu kubwa, ni ugomvi wa ngozi na nywele.

Hebu tubaki kidogo kwenye hilo neno kupauka. Ngozi nyeusi ikikauka inaonyesha mara moja, inakuwa na vumbi la kijivu kama mtu aliyelala jikoni. Mtu mweupe naye hukauka, ila haonekani hivyo. Ndiyo maana mama zetu hawakutuachia kwenda shule bila kupakwa mafuta, hata kama viatu hatuna. Kwa hiyo kuna ukweli fulani wa mwili hapa, siyo maneno ya wauza losheni tu. Chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi hazitofautiani sana kwa idadi kati yetu na Wazungu. Kinachotofautiana ni wingi na ukubwa wa punje za rangi na namna zinavyosambaa. Lakini matokeo yake ni makubwa. Chunusi ikipona kwetu huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Kovu linaweza kuvimba likazidi kidonda chenyewe. Krimu nyingi za kukinga jua zenye madini ya zinki zinatuacha na rangi ya majivu. Hata kipimo cha Fitzpatrick cha mwaka 1975, kinachopanga ngozi za watu kwa namna zinavyoungua juani, kilianza na ngozi za Wazungu. Za kahawia na nyeusi zikaongezwa baadaye.

Sasa Lawino. Anamtazama Clementine, yaani Tina, mwanamke aliyemchukua Ocol, na kinachomkera siyo poda peke yake. Anaona kwamba uso una rangi yake na shingo ina rangi yake. Hapo ndipo ninapomwamini Okot kama mshairi, maana ni jicho la mke mwenza kabisa. Mwanamume angeishia kwenye midomo mekundu. Pita mnadani Msalato siku ya Jumamosi, kati ya moshi wa nyama choma na meza za vipodozi, utaiona shingo ile ile. Siku hizi utaiona zaidi kwenye vifundo vya vidole, ambavyo hugoma kubadilika hata mkorogo uwe mkali vipi.

Na Kiswahili chenyewe kimeshatoa hukumu. Kujichubua: yaani umejikwaruza, umetoa ngozi mwenyewe. Mkorogo: kitu kilichokorogwa, hakuna anayejua kina nini ndani. Ndani mara nyingi kuna zebaki, inayozuia ngozi kutengeneza rangi kisha ikaelekea kwenye figo, au haidrokwinoni, ambayo ukiizoea muda mrefu inaweza kukurudishia weusi wa kibuluu usiotoka. Vyote viwili vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na TBS ndiyo yenye kazi hiyo tangu ilipoipokea kutoka TFDA mwaka 2019. Lakini lugha yetu ina pande mbili bwana. Lugha hiyo hiyo inayosema kujichubua ndiyo inayomsifu msichana kwa rangi ya maji ya kunde, na hadithi zetu za mapenzi zimejaa warembo wa maji ya kunde. Mweusi tii akitokea kwenye hadithi, aghalabu ni mlinzi au mchawi. Tina hakuzaliwa peke yake, amesoma vitabu vyetu.

Hoja ya Lawino ni kwamba kila watu wana nywele zao na mapambo yanayozifaa, kama kila mnyama na manyoya yake. Ni hoja tamu, na ukanda wetu una ushahidi wa kutosha: pwani walikuwa na liwa inayosagwa kwenye jiwe na singo ya bibi harusi, huku bara Wagogo walijipaka mafuta na udongo mwekundu. Ila hoja hii ilipotua Tanzania ilikuta wenyewe. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari mosi 1969 sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua zikawa adui wa taifa. Dar es Salaam wasichana walishukiwa na makundi ya vijana barabarani. Msomaji wa 1975 alimpokea Lawino akiwa ametoka kuyaona hayo. Naona tafsiri ile imebeba kivuli hicho bila kosa la mfasiri. Lawino ni mke aliyeachwa, ana kidonda, ana haki ya kutukana. Ukimgeuza kuwa askari wa maadili umemwibia shairi lake.

Halafu kuna kitu ambacho hoja yake haiwezi kukibeba kabisa. Nyumba moja, mama mmoja, watoto wawili: mmoja mweusi, mwingine ana ualbino. Watu wao ni wale wale, mila ni ile ile, mafuta ya alizeti ni ya kopo moja. Na jua la uwanda huu wa juu, lisilo na mti wa kutosha, linamla mmoja na kumwacha mwingine. Saratani ya ngozi ndiyo inayowakatisha maisha mapema wengi wenye ualbino. Ngozi inayohitaji kipodozi chake hasa hasa ndiyo hii, na jibu lilipopatikana halikutoka kwenye duka la urembo. Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi KCMC, inatengenezwa Kilisun, krimu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Haikuulizwa kabila wala taifa. Iliulizwa ngozi hii inaungua vipi. Kwenye meza za Msalato nimehesabu makopo ya kung'arisha mpaka nikachoka. La kukinga jua sikuliona hata moja, na muuzaji, dada mcheshi tu, alinijibu, "Hilo haliulizwi, kaka."

Lawino hamjui mtoto huyu. Ocol, aliyepewa wimbo wake mwaka 1970, naye hamjui. Kachagua kulaani Afrika nzima kwa jumla. Kwenye mashairi yote mawili aliyepakwa poda hafungui mdomo. Tunaambiwa tu na mwenzake anafananaje. Hatujui nani alimwambia kwanza kwamba rangi yake haitoshi, kama ni bosi aliyemnyima kazi, shangazi aliyemlinganisha na mdogo wake, au Ocol mwenyewe. Hatujui usiku akinawa anajiona vipi kwenye kioo. Nimemaliza kusoma nikiwa upande wa Lawino kama siku zote, ana ulimi usioshindika yule mama. Ila wimbo ninaoutaka sasa ni wa Tina, na ningependa uandikwe na mtu aliyewahi kusimama nyuma ya meza ile ya mnadani, akiuza makopo mchana na kupaka hayo hayo jioni.