Kiu ya Mbao

Sisi watu wa Suna tukienda ziwani tunakuwa na shughuli: mazishi, omena, mgonjwa wa kujuliwa hali. Safari hii nilitoka Migori mikono mitupu. Nilipofika Mbita, nikalipia kiti katika boti ya mbao, nikamwomba nahodha anizungushe tu, tupite chini ya daraja mpaka kisiwa cha Takawiri, kisha turudi.

Miaka ya 1980, njia ya kutoka Mbita kwenda kisiwa cha Rusinga ilijengwa kwa kuuziba mlango mwembamba wa maji kwa tuta la mawe na udongo. Magari yakapita, lakini Ghuba ya Winam ikazibwa koo, na boti zikawa zinaizunguka Rusinga nzima. Daraja lilipojengwa, mlango ukafunguliwa tena. Sasa unapita chini ya magurudumu ya matatu, kivuli cha zege kikikupoza uso.

Ng'ambo ya kivuli hicho ndipo boti inapopimwa. Nyuma yetu maji ya ghuba yalikuwa ya kijani, mazito, gugu maji likielea mafungu mafungu. Mbele ziwa lilikuwa limefunguka, na upepo wa mchana ulisukuma mawimbi yasiyo na kizuizi. Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969, ilikuwa kulia kwangu, nami sikuitazama. Niliinamia mkuku kati ya miguu yangu, nikisikiliza mbao zikiguna.

Nimewahi kuwatazama mafundi wa boti ufuoni. Huanza na mkuku, mti mmoja mgumu, kisha huziinua mbao pande zote mbili. Mataruma huja baadaye, yakichongwa kulifuata tumbo la boti lililokwisha kusimama. Umbo hili lina jina la visiwa vya Ssese vya Uganda, ambako zamani mbao zilishonwa. Leo hupigwa misumari. Sikuona karatasi yenye mchoro. Fundi alirudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja, akarudi kupunguza unene wa ukucha.

Ninachokipenda kuliko vyote ni pamba. Fundi huishindilia katika kila mwanya kwa patasi na nyundo, akisikiliza mpaka mlio ubadilike. Hapo mwanya umeshiba. Na bado boti mpya ikishushwa huvuja. Siku za mwanzo mbao hunywa maji, huvimba, hubanana. Fundi hodari huiachia kiu hiyo nafasi yake: akibana mno zitapindana, akilegeza mno hazitakutana. Kipimo hicho anakijua kwa vidole, na kijana anayetaka kukijua lazima ashinde naye ufuoni misimu mingi. Boti za faiba zinaingia, na mbao ngumu ni ghali. Nawaombea mafundi hawa wasikose wanafunzi.

Tulirudi upepo ukiwa mgongoni. Kijana wa kuteka maji yanayoingia alikuwa ameifudikiza ndoo yake, akaikalia, na tangu Takawiri mpaka gatini hakuinuka.