Picha za Maktaba Zisizo na Lebo: Mikanda Iliyorudiwa katika Filamu za Madubwana za Kijapani, 1968–1980

Gazeti la Kiswahili linapochapisha upya picha ya zamani, huandika chini yake neno moja: Maktaba. Neno hilo ni mkataba. Msomaji anaambiwa kwamba anachokiona kilitokea, lakini hakikutokea jana, na huenda hakikutokea mahali panapozungumziwa na habari iliyo kando yake. Mhariri akiliondoa neno hilo, picha haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni uhusiano wake na msomaji. Makala haya yanaichukua istilahi hiyo, picha za maktaba, na kuitumia kuhakiki desturi iliyokithiri katika filamu za Kijapani za madubwana zilizotengenezwa kwa bajeti finyu kati ya mwaka 1968 na 1980: desturi ya kukata mapigano na maangamizi kutoka filamu zilizotangulia na kuyaunga katika filamu mpya.

Desturi hiyo imezoeleka kuhukumiwa kwa njia mbili. Wapo wanaoiona kuwa ulaghai wa studio maskini, wakahesabu dakika zilizorudiwa kana kwamba ubora wa filamu hupimwa kwa mizani ya sokoni. Wapo pia mashabiki wanaoipenda kwa kuwa inachekesha, na wakishacheka hawaoni haja ya kuuliza zaidi. Hukumu zote mbili hazitofautishi filamu na filamu. Hoja ya makala haya ni kwamba wingi wa mikanda ya zamani si kigezo. Kigezo ni kama filamu imebandika lebo: je, mtazamaji ameambiwa kwa namna yoyote kwamba anachotazama ni kumbukumbu?

Sababu za kiuchumi zinafahamika na hazihitaji maelezo marefu. Mwaka 1958 kumbi za sinema za Japani ziliuza tikiti zaidi ya bilioni 1.1, mwanzoni mwa miaka ya 1970 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 200. Televisheni iliingia nyumbani, na kuanzia mwaka 1966 iliingia na madubwana wake yenyewe kupitia kipindi cha Ultraman. Filamu ya madubwana ni ghali kwa sababu ya vitu vinavyovunjwa: mji mzima wa mifano midogo hujengwa kwa wiki kadhaa ili uangushwe mara moja mbele ya kamera. Kuuangusha mara ya pili kwa kutumia mkasi na gundi ya mhariri kulikuwa na mvuto ambao mhasibu wa studio asingeweza kuupinga. Tena, hizi ni zama kabla ya mashine za video kuingia majumbani. Mtoto aliyeona pambano mwaka 1966 hakuwa na njia ya kulitazama tena kwa hiari yake. Kwa mtoto huyo, kurudiwa kwa pambano kulikuwa na thamani ambayo mtazamaji wa leo, mwenye filamu zote mfukoni, haioni kwa urahisi.

Filamu inayofaa kutangulizwa ni ile inayodharauliwa kuliko nyingi, All Monsters Attack, iliyoongozwa na Ishirō Honda kwa ajili ya studio ya Toho na kutolewa Desemba 1969. Ichirō, mtoto wa shule katika mji wa viwanda wa Kawasaki, hurudi katika nyumba isiyo na mtu kwa sababu wazazi wake wote wawili wako kazini. Anaonewa na mtoto mkubwa aitwaye Gabara. Akisinzia, anasafiri hadi Kisiwa cha Madubwana, anafanya urafiki na Minilla, mwana wa Godzilla, na kutoka mafichoni wanamtazama Godzilla akipigana. Sehemu kubwa ya mapigano hayo imetoka katika filamu mbili za Jun Fukuda, Ebirah, Horror of the Deep (1966) na Son of Godzilla (1967). Mwenye jicho kali ataona kwamba uso wa Godzilla hubadilika kutoka pambano hadi pambano, kwa kuwa mavazi yaliyotumika katika filamu hizo hayakuwa sawa na lile lililovaliwa katika picha mpya.

Lakini Honda ameweka lebo. Kisiwa kimo kichwani mwa mtoto, na mtoto huyo ni mtazamaji wa sinema. Ndoto yake ingejengwa kwa nini kingine, kama si kwa vipande vya filamu alizokwisha kuziona? Kubadilika kwa uso wa dubwana, ambako katika filamu nyingine kungekuwa dosari, hapa ni tabia ya kumbukumbu: mtu anamkumbuka yule yule kwa sura tofauti. Hata namna ya kuunga vipande inaieleza hali hiyo. Ichirō na Minilla wamewekwa upande mmoja wa mkato wakitazama, na pambano la zamani limewekwa upande wa pili, yaani mpangilio wa ukumbi wa sinema wenyewe. Mtoto anapozinduka na kutumia ujanja aliojifunza huko ndotoni dhidi ya majambazi wawili waliopora benki, filamu inakuwa imetoa kauli nzito juu ya kazi ya picha za zamani katika maisha ya mtoto mpweke. Ni filamu ndogo, ya takribani dakika 70, na ina mizaha isiyofaulu. Hata hivyo haimdanganyi mtu.

Mwaka mmoja kabla yake, studio ya Daiei ilikuwa imejaribu jambo hilo hilo na kulifanya nusu. Katika Gamera vs. Viras (1968), iliyoongozwa na Noriaki Yuasa baada ya bajeti kupunguzwa, viumbe kutoka anga za mbali wanachunguza kumbukumbu za Gamera, kobe mkubwa anayeruka, ili waugundue udhaifu wake. Kumbukumbu hizo zimetolewa katika filamu zilizotangulia, na zinaendelea kwa muda mrefu kiasi cha kuuchosha hata uvumilivu wa mtazamaji mwema. Lebo ipo, nayo ina mantiki nzuri: wavamizi wanatazama filamu za zamani kama wahakiki, wakitafuta maana, na wanaipata. Udhaifu wa Gamera ni upendo wake kwa watoto.

Kisha lebo inaondolewa. Wavamizi wanapomtawala Gamera na kumwamuru aharibu, uharibifu unaoonyeshwa kuwa unatokea sasa ni ule ule wa zamani: bwawa kutoka Gamera vs. Barugon (1966) na shambulio la Tokyo kutoka filamu ya kwanza ya mwaka 1965, iliyopigwa kwa nyeusi na nyeupe. Filamu ya rangi inaingia ghafla katika ulimwengu usio na rangi, na hakuna mhusika anayeshangaa. Kasoro ya kiufundi si hoja kubwa hapa. Kubwa zaidi ni kwamba filamu ilikuwa imekwisha kumfundisha mtazamaji kuzitambua picha hizo kama yaliyopita, halafu ikamtaka asahau somo lake.

Hapa inafaa kuujibu utetezi unaoweza kutolewa na wanafasihi simulizi. Fanani wa Kiswahili hurudia mafungu yale yale, mianzo ile ile, maelezo yale yale ya vita, na hakuna anayemshitaki kwa wizi. Kwa nini mhariri wa filamu anyimwe haki hiyo? Ulinganisho unavutia, ila unasahau hadhira. Urudiaji wa fanani hufanya kazi kwa sababu hadhira inalijua fungu, inalisubiri, na pengine inalimalizia. Picha ya maktaba isiyo na lebo hufanya kazi kwa sharti lililo kinyume: hadhira isijue. Ndiyo maana All Monsters Attack iko karibu na fanani kuliko nusu ya pili ya Viras, ijapokuwa mbinu ya mkasi ni moja.

Mfano ulio wazi zaidi wa kukosekana kwa lebo ni Godzilla vs. Gigan ya Jun Fukuda (1972). Katika shambulio la Tokyo, dubwana mpya Gigan anaungana na King Ghidorah, na sehemu kubwa ya maangamizi ya Ghidorah imetolewa katika filamu za mwaka 1964 na 1965. Magari ya kijeshi ya kurusha miale yametoka The War of the Gargantuas (1966). Mchana unageuka usiku na usiku unageuka mchana ndani ya shambulio moja. Muziki nao ni wa maktaba, umekusanywa kutoka kazi za awali za Akira Ifukube. Eiji Tsuburaya, aliyesimamia athari maalumu za filamu zile za awali, alikuwa amefariki Januari 1970. Mji unaoungua mwaka 1972 ni mji alioujenga na kuuchoma yeye alipokuwa hai. Inashangaza kwamba wavamizi wa hadithi hiyo ni viumbe waliojivika miili ya watu waliokwisha kufa. Haielekei kwamba Fukuda alikusudia fumbo hilo, lakini limo.

Hasara iliyopatikana inaonekana vema ikilinganishwa na chimbuko. Godzilla ya Honda ilitolewa Novemba 1954, miezi michache baada ya wavuvi wa chombo cha Daigo Fukuryū Maru kuangukiwa na majivu ya jaribio la bomu la haidrojeni la Marekani huko Bikini. Katika filamu hiyo, moto una anwani. Mama amewakumbatia wanawe barabarani akiwaambia kwamba karibu watakwenda kwa baba yao. Majeruhi wamelazwa sakafuni hospitalini. Wasichana wa shule wanawaimbia wafu. Katika Gigan, wanaokimbia walikimbia miaka minane iliyopita, kutoka dubwana mwingine, kwa sababu nyingine. Hakuna anayewalilia kwa kuwa hadithi haiwajui. Maangamizi yamekuwa bidhaa ya ghala, yakingoja kuagizwa. Washauri wa sera za utangazaji wanaoshughulikia picha za mafuriko au vita zinazorushwa upya bila tarehe watalitambua tatizo hili mara moja, ingawa hapa madhara yake ni ya kisanaa tu.

Filamu ya mwisho inayostahili kutajwa inaupeleka mjadala kwenye ukingo wake. Daiei ilifilisika mwishoni mwa mwaka 1971, na mali zake zikaangukia baadaye kwa kampuni ya Tokuma Shoten. Mwaka 1980 Yuasa aliitwa kutengeneza Gamera: Super Monster. Chombo cha maharamia wa anga kinawatuma madubwana sita wa zamani mmoja baada ya mwingine, na kila pambano ni la zamani. Wahusika wapya, akiwemo mwanamke wa anga aliyeigizwa na mwanamieleka Mach Fumiake, kazi yao ni kuunganisha kabati moja na jingine. Vipo hata vipande vya katuni za Space Battleship Yamato na Galaxy Express 999. Hapa suala la lebo halina maana tena, kwa kuwa hakuna wakati uliopo wa kutofautishwa na uliopita. Ni maktaba inayojitazama yenyewe.

Hata hivyo Yuasa, aliyekuwa akikata sehemu kubwa ya kazi ya mikono yake mwenyewe, alihitaji mwisho, na mwisho huo haukuwamo ghalani. Katika filamu saba za awali Gamera aliwahi kugandishwa, kutobolewa, kuzamishwa na kupoozwa, lakini hakuwahi kufa. Anaporuka kukigonga chombo cha maharamia na kuangamia nacho, tukio hilo ililazimu libuniwe upya.